Baba hawezi kusema, ila wanataka "mshirika wa utafiti": nimpeleke au nimwache?

#1 Binti_Maalim
Salaam wadau. Uzi mrefu, mwenye haraka apite.

Baba yangu kasomesha hesabu skuli za huku Wete, Pemba, miaka mingi. Mwaka juzi alipata kiharusi, upande wa kulia wote ukalala na maneno yakaondoka. Yamebaki matatu: "haya", "alhamdulillah" na "ng'o". Hiyo ng'o inatoka safi kuliko zote.

Mwezi uliopita walikuja vijana wawili pamoja na sheha, wanafanya utafiti wa presha na kiharusi. Baba aliambiwa tangu jana yake kuwa wageni wanakuja kwa ajili yake, basi akataka kanzu ipigwe pasi na kofia yake ya viua. Akakaa kitini saa nzima. Maswali yote kaulizwa mama. Anakula? Analala? Anakwenda msalani peke yake? Ana huzuni? Mama hapo kwenye huzuni akajibu, "Hana neno, twamshukuru Mungu." Baba akaipiga meza kwa mkono wa kushoto mpaka chai ikamwagikia karatasi zao. Kijana mmoja akaandika kitu. Nilichungulia: "mgonjwa ana hasira".

Sasa wamepiga simu. Wanaunda kikundi cha washirika wa utafiti, si wa kuhojiwa, wa kukaa nao meza moja kupanga nini kiulizwe na kiulizwe vipi. Wanataka mtu mmoja kutoka nyumba yenye mgonjwa. Nikamueleza baba. Akajigusa kifua. Mara tatu. Kaka zangu wanasema aende mama, baba atatutia aibu. Mkutano uko Chake Chake, wiki mbili zijazo.

Naomba mnisaidie mawili. Kwa nini utafiti wa kiharusi humuuliza kila mtu isipokuwa mwenye kiharusi? Na je, nimpeleke?

#2 Karafuu_Kavu
Mpeleke. Mtu mwenye ng'o moja safi anahitajika sana kwenye mikutano ya nchi hii.

#3 Mkunazini77
Nimetandika mkeka hapa. Ila dada, tuseme kweli, bubu atashiriki vipi kikao? Atakaa tu wampige picha.

#4 Dodoso_Mstaafu
Dada, huyo kijana ni mie. Si yeye khasa, lakini kazi hiyo nimeifanya miaka minne, Unguja na Pemba. Nakwambia kilichokuwemo.

Tulikuwa tunalipwa kwa dodoso lililokamilika. Mtu wa kawaida dakika arubaini. Mtu asiyesema ni saa mbili na ukitoka hujui kama kakuelewa. Na gari inaondoka saa nane, ukiachwa Micheweni shauri yako. Juu ya fomu kuna kisanduku: anaejibu ni mwenyewe au mwakilishi. Ukitia alama mwakilishi hakuna atakaekuuliza kwa nini. Kwenye mafunzo walituambia "akiwa hawezi kujibu, muulize wa karibu yake". Namna ya kujua kuwa hawezi hatukufundishwa. Tulikuwa tunatazama mdomo tu, basi.

Sababu ni pesa na muda. Hakuna jengine.

#5 Karafuu_Kavu
@Dodoso_Mstaafu na ile chai uliyomwagikiwa ulilipwa?

Dada, mie nadhani tatizo ni ulimi kupooza. Marehemu ami yangu alikuwa hivyo hivyo, akaletewa asali na ndimu akawa anasuguliwa ulimi kila asubuhi.

#6 Nesi_Mkoani
Karafuu, wacha asali ya watu. Yapo mambo mawili na kila siku yanachanganywa.

Kuna ulimi mzito: misuli ya mdomo imedhoofika, mtu anajua neno lake, analipanga sawasawa, likitoka linatoka limeviringika. Huyo mpe kalamu ataandika. Na kuna afasia: ulimi mzima, lakini njia ya kulifikia neno imeharibika ndani ya ubongo. Huyu mpe kalamu, hata kuandika hukwama. Kwa watu wengi maneno hukaa upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo huo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana aliyepooza kulia mara nyingi huondoka na maneno yake. Katika kila watatu wanaopata kiharusi, takriban mmoja hupata afasia. Kwa hivyo ukifanya utafiti wa kiharusi ukawaruka wenye afasia, umeruka theluthi ya watu wako.

Binti Maalim, nikuulize: baba anasoma Fatiha?

#7 Binti_Maalim
Anasoma yote, bila kukwama, kwa sauti. Ndiyo kinachotuchanganya. Ami yangu anasema "mbona kusali anasema, ni jeuri tu huyo".

#8 Nesi_Mkoani
Si jeuri. Kilichorudiwa maisha mazima, sala, kuhesabu moja mpaka kumi, siku za wiki, hata matusi, mara nyingi hubakia hata neno "maji" likipotea. Hayo hayatungwi upya, hutoka yenyewe kama maji ya mtungi uliopinduliwa. Mwambie ami yako hivyo. Na kuelewa ni habari nyengine kabisa: wapo wanaoelewa karibu yote, wapo wanaoelewa nusu, wapo wasioelewa. Lazima apimwe, haibahatishwi.

#9 Mtafiti_Mchovu
Nesi kasema vizuri. Niongeze kisa ambacho kila mwanafunzi wa fani hii hukutana nacho. Paris, 1861, daktari Paul Broca alipokea mgonjwa ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa akisema silabi moja tu, "tan". Hospitali nzima wakamwita Tan. Siku chache baadae akafa, Broca akaupasua ubongo wake na kuonesha palipoharibika, na elimu ya lugha na ubongo ikachukua njia mpya. Jina la Broca lipo kwenye kila kitabu. Mgonjwa alikuwa na jina lake, Leborgne, na wengi hawalijui. Ubongo wenyewe umehifadhiwa mpaka leo.

Na akikasirika, imeandikwa, alikuwa anatoa kiapo kizima kizima kwa Kifaransa.

#10 Karafuu_Kavu
Basi huyo alikuwa na ng'o yake.

#11 Sheria_Mkononi
Ndugu zangu, hili lina sheria. Tanzania imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2006. Kifungu cha 21 kinazungumzia haki ya kupata na kutoa habari kwa njia ambayo mtu mwenyewe ameichagua. Zanzibar nayo ina sheria yake ya 2006. Nendeni nazo mkononi.

#12 Mwana_Jang'ombe
@Sheria_Mkononi punguza kasi. 2006 ni mwaka mkataba ulipopitishwa huko New York. Tanzania kutia saini ni 2007, kuridhia ni 2009. Na ile sheria ya Zanzibar ya 2006 imeshapata mrithi wake wa 2022. Handle yako inakudai.

#13 Sheria_Mkononi
Nimesahihishwa, ahsante. Hoja inabaki.

#14 Kiziwi_wa_Amani
Mie kiziwi. Nimesoma juu huko #3 "bubu". Mkunazini, neno hilo tulishaliaga. Kiziwi ni kiziwi, nina lugha yangu, kwa siku naongea kuliko wewe. Waulize wanaonidai.

Nawapa kisa changu. Mwaka fulani nilihojiwa, utafiti wa maradhi ya zinaa. Hawakuja na mkalimani. Wakamtumia dada yangu mdogo, anajua alama za nyumbani tu, za njoo, kula, kaa, pesa. Swali la tano: una wapenzi wangapi. Dada kaniangalia, mie nimemuangalia, mama anapita na sinia la mihogo. Nikaonesha kidole kimoja. Ungekuwa wewe ungeonesha vingapi?

Dodoso lile lipo mahali linahesabika. Ripoti inasema viziwi wana tabia salama.

#15 Mkunazini77
Nimekubali kosa, shehe. Neno nimelivua. Kidole kimoja kimenimaliza kwa kicheko.

#16 Dodoso_Mstaafu
#14 hiyo kweli tupu. Na si viziwi tu. Wallahi nimehoji wake mbele ya waume zao. Ila kwa viziwi, si wangewaandikia tu mukasoma?

#17 Kiziwi_wa_Amani
Wengine hatukusomeshwa kwa lugha tunayoielewa. Mwalimu anaandika ubaoni huku katugeuzia mgongo. Kiswahili cha maandishi kwangu ni lugha ya pili, nimekipata kwa jasho. Lugha ya Alama ya Tanzania ina mpangilio wake, si Kiswahili cha mikono. Ukinipa fomu ya ridhaa ya kurasa sita, nitatia saini kama wewe unavyokubali masharti ya programu ya simu.

Mkalimani akija, akae karibu na anaeuliza ili niwaone wote wawili, na unitazame mie. Watu wanamwambia mkalimani "muulize kama…". Mie nipo hapa!

#18 Mkaidi_wa_Konde
Nimewasoma wote, na nawaambia mnapoteza muda. Sisi Pemba ni shamba la utafiti tangu zamani. Minyoo, kichocho, malaria, kila msimu wanakuja na mikebe ya choo. Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi imefunguliwa 2000, mpaka leo kila mtoto keshatobolewa kidole. Na mnasahau vile vidonge walivyowapa watoto wakafa, wakafunga virago kimya kimya? Leo neno limebadilika, zamani tukiitwa sampuli, sasa washirika. Mfadhili kaandika kwenye fomu yake "lazima mshirikishe", ndiyo maana wanamtaka mzee. Pambo tu.

#19 Mtafiti_Mchovu
Mkaidi, nusu yako ni kweli na nusu ni ya barazani.

Lile lilikuwa jaribio la madini ya chuma pamoja na foliki asidi, na jengine la zinki, kwa watoto wa mwezi 1 mpaka 35 hapa Pemba. Watoto zaidi ya elfu ishirini. Agosti 2003 kamati huru ya usalama iliona kuwa wanaopewa chuma wanalazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa, ikashauri kundi la chuma lisimamishwe, likasimamishwa. Hakuna kimya kimya hapo: matokeo yalichapishwa 2006 dunia nzima ikayasoma, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari juu ya kumpa chuma kila mtoto kwenye nchi za malaria bila kuangalia kama amepungukiwa. Chuma kile kile kilikuwa kinatolewa kwa nia njema mahali pengi. Aliyegundua hatari ni Pemba.

Sasa kuhusu pambo: hapo sibishani nawe. Nimekaa kwenye vikao ambavyo "mwakilishi wa jamii" aliletwa saa sita, akapewa soda, akapigwa picha, na dodoso lilishachapishwa tangu wiki iliyopita.

#20 Mkaidi_wa_Konde
Ahsante kwa kunikubalia.

#21 Mtafiti_Mchovu
Sijamaliza, usiondoke na ushindi wa nusu mechi.

Mshiriki ni anaejibu swali, mshirika ni mwenye kauli juu ya swali lenyewe. Uskochi waliwahi kuwakalisha wagonjwa wa kiharusi, wanaowauguza na wataalamu, wakachagua pamoja maswali kumi ambayo utafiti uyajibu kwanza. Orodha ilichapishwa 2012. Afasia imo, na namna ya kuikubali hali mpya ya maisha imo. Mtu anaepima presha peke yake asingeyafikia hayo. Huo ndio ushirika.

Kinachowazuia wenye afasia wasifike hapo kwa maoni yangu si pesa kama anavyosema Dodoso. Ni ridhaa. Unapeleka andiko kamati ya maadili, unajua utaulizwa: huyu amekubali vipi? Mtafiti akiogopa andiko kurudishwa, anaandika "wasioweza kuwasiliana hawatahusishwa". Mstari mmoja tu, na theluthi ya Nesi imeshatoka nje.

#22 Nesi_Mkoani
Lakini asiyejua kusoma tunamsomea, anatia dole gumba, na shahidi asiye na upande anatia saini kuwa ameona kila kitu. Utaratibu huo upo na unakubalika siku nyingi. Kwa nini aliepoteza maneno asitafutiwe wake?

#23 Mtafiti_Mchovu
Kwa sababu asiyesoma anaweza kukuuliza "na nikikataa?" Maalim hawezi kukuuliza hilo, lazima umuwekee mbele yeye akuoneshe. Inawezekana: jambo moja kwa wakati mmoja, picha, neno kubwa lililoandikwa, subira, kisha unahakikisha. Toronto wana mtindo wao wa mazungumzo ya kusaidiwa tangu miaka ya tisini, wanawafundisha jamaa na madaktari, maana aliepoteza maneno si wa kulaumiwa peke yake, na msikilizaji ana mzigo wake.

#24 Mama_wa_Jicho
Samahani naingia kati. Mwanangu ana miaka tisa, mtindio wa ubongo, tuko Unguja shamba. Hasemi, mikono haimtii. Ndiyo yake ni kutazama juu, siyo yake ni kufumba macho. Nimejua hilo akiwa na miaka minne, kwa bahati, nilikuwa namuuliza dagaa au samaki.

Walipokuja watu wa utafiti wa lishe niliwaambia, muulizeni yeye kama chakula kinampalia. Wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Nikauliza mie. Akatazama juu. Wakashtuka, maana mie mwenyewe nilishawajibu "hapana, anakula vizuri". Kumbe anapaliwa kila nikiwa sipo, bibi yake humlisha akiwa amelala chali.

Kwa hivyo nawaambia nyote munaosema "aende mama". Mie mama, na nilikosea.

#25 Karafuu_Kavu
Hapa sina mzaha. Mungu akukuzie.

#26 Mkunazini77
Amin. Sasa anakula vipi?

#27 Mama_wa_Jicho
Ameketi, kichwa kimeinama mbele kidogo, uji mzito kuliko wa zamani. Bibi kafundishwa, kanuna siku mbili, kazoea.

#28 Kaka_Kk_Kassim
Jina langu limejieleza. Nina kigugumizi tangu skuli, na siku hizi wana utafiti wa simu. Sauti ya mashine: "Taja umri wako." Mie naanza "th-th-th…" Mashine: "Hatujakusikia." Naanza tena. "Hatujakusikia. Kwaheri." Kwa hivyo kwenye takwimu za afya mie ni mtu asiyepokea simu.

Wangeniweka kwenye kikundi cha kupanga ningewaambia neno moja tu: wekeni kubonyeza namba. Neno moja, ingawa ningelisema kwa dakika tatu.

#29 Karafuu_Kavu
@Kaka_Kk_Kassim mbona huku unaandika bila kukwama?

#30 Kaka_Kk_Kassim
Vidole havina kigugumizi, babu. Na wewe mbona unachekesha humu, nyumbani wanasema mkali?

#31 Binti_Maalim
Nimerudi, nimeyasoma yote. Nimemsomea baba baadhi. Kwenye #14 kacheka mpaka kashika mbavu, basi kuelewa anaelewa.

Nimejaribu hayo ya Mtafiti. Kwanza picha. Nikapakua kadi kutoka mtandaoni: kuna mtu kalala kwenye kitanda cha chuma, maana yake "kuchoka". Baba kaitazama akasema ng'o kwa ukali, nadhani kaona hospitali. Kuna mkate wa vipande na siagi, maana yake "njaa". Ng'o. Nikazitupa. Mtoto wa dada yangu akachora kwenye vipande vya boksi la biskuti: birika, mswala, redio, kitanda cha kamba, samaki ambaye kwa kweli ni mashua. Hizo kazikubali. Ya redio kaiweka mfukoni.

Halafu nikafanya la kuhakikisha. Nimesoma kuwa ukiuliza swali, uligeuze ulirudie: kwanza "Unaumwa?", kisha "Huumwi?", ukipata majibu mawili tofauti ndiyo umeelewana nae. Baba kwenye "Unaumwa?" kasema ng'o. Kwenye "Huumwi?" kasema ng'o. Nikasema basi, kaka zangu wana haki, hajui anachojibu.

#32 Nesi_Mkoani
Usikate tamaa. Mie nahisi…

#33 Mwana_Jang'ombe
Subirini. Kosa si la Maalim, kosa la swali. Hiyo njia imetoka kwenye Kiingereza. Kwao "no" ni "no" kokote, haifuati swali. Kwetu mtu akikuuliza "Hujala?" na kweli hujala, unajibu "ndiyo", yaani ndiyo hivyo, sijala. Na ukiwa umeshakula unasema "hapana, nimekula". Sasa baba kwenye "Huumwi?" kasema ng'o: inawezekana anasema siyo, naumwa. Inawezekana anasema siumwi. Hata mie mwenye maneno yangu yote mungenielewa nusu.

Usitumie kikanushi. Tumia maneno mawili yanayopingana. "Una nguvu leo?" kisha "Umechoka leo?"

#34 Mtafiti_Mchovu
Nimesomea haya mambo miaka, na hili sijawahi kuliona kwenye mwongozo wowote. Naomba ruhusa nilichukue.

#35 Mwana_Jang'ombe
Lichukue, ila mie ni mshirika sasa. Nauli yangu?

#36 Mkaidi_wa_Konde
Umeona? Hata kabla hajafika mezani washaanza kuchukua.

Na swali la nauli usilifanyie mzaha. Mzee hapandi daladala. Wete mpaka Chake ni gari ya kukodi kwenda na kurudi, na mtu wa kumshika. Wamesema watalipa? Profesa halipwi soda.

#37 Dodoso_Mstaafu
Mkaidi leo tuko timu moja. Dada, waulize kabla: gari, malipo ya siku, kikao kisizidi saa moja na kiwe asubuhi. Afasia huchosha, mchana maneno hupungua zaidi. Na wamletee karatasi wiki nzima kabla, si pale pale.

#38 Nesi_Mkoani
Na asiwe peke yake. Mgonjwa mmoja kati ya wataalamu kumi atakuwa kama embe kwenye kapu la ndimu. Wawe wawili au watatu. Kungelikuwa na mtaalamu wa matamshi na lugha karibu ingekuwa rahisi, lakini hao ni wa kutafuta kwa tochi.

#39 Bi_Shamsa_wa_Ole
Mie ni mtu mzima, nimeingizwa humu na mjukuu. Mnasema pesa, ridhaa, sheria. Nyie hamjataja sitara. Mzee aliekuwa akisimama mbele ya watu kwa kanzu nyeupe, leo akaonekane mate yanamtoka mbele ya wageni? Hao watoto wa kiume hawaoni haya kwa ajili yao, wanamsitiri baba yao. Zamani tungesema kapigwa na upepo mbaya, tungemtia ndani tukamsomea. Mwanangu, kabla ya kumpeleka, muulize mama yako yeye anataka nini. Na yeye ameolewa na maneno yale miaka hamsini.

#40 Mama_wa_Jicho
Shikamoo bibi. Nakuelewa. Lakini sitara ya mwanangu ilikuwa inampalia.

#41 Bi_Shamsa_wa_Ole
Marahaba. Sikukatai, mwanangu. Nimesema aulizwe mama pia.

#42 Kiziwi_wa_Amani
Bibi kasema sitara, sawa, namheshimu. Ila jamaa zangu walinisitiri mpaka miaka kumi na mbili bila skuli.

#43 Karafuu_Kavu
Wakati mnagombana, nani anajua boti ya Jumapili ipo? Nina gunia la mihogo Mkoani linaningoja.

#44 Mkunazini77
Babu, uzi wa afya huu.

#45 Karafuu_Kavu
Mihogo ni afya.

#46 Binti_Maalim
Nimefanya alivyosema Bi Shamsa. Mama kanyamaza kidogo, akasema: "Mie niliwajibu hana neno kwa sababu mlikuwa mmekaa nyote. Ningesema analia usiku mbele yake?" Sikujua kama analia usiku. Baba alikuwepo, kainamisha kichwa, kisha kasema "haya", polepole.

Nimewapigia. Gari watatoa, malipo ya siku "wataangalia". Wametuma dodoso lote, kurasa kumi na moja. Nimelipitia na baba siku tatu, asubuhi asubuhi, ukurasa baada ya ukurasa, kadi za boksi mezani. Maswali saba ya kutembea kayapita. Pale palipoandikwa "msongo wa mawazo" kasema ng'o. Nikambadilishia "roho nzito", kasema haya na kugonga kidole pale pale mpaka karatasi ikatoboka.

Alipofika mwisho akaligeuza dodoso upande mweupe, akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Dakika kumi kwa saa ya ukutani. Kachora mstari mmoja mrefu, na juu yake viduara vinne. Kisha kavifuta vitatu kwa kuvipitishia kalamu. Kanikabidhi, kanitazama kama navyowatazama wanafunzi wangu nikingoja jibu (na mie mwalimu, nimemrithi). Nani anaelewa?

#47 Mkunazini77
Bao! Mashimo. Anataka kucheza bao.

#48 Mwana_Jang'ombe
Bao lina safu nne za mashimo manane, mwalimu wa hesabu asingechora manne. Hizo ni hesabu. Nne toa tatu. Anapima kama mnajua bado.

#49 Nesi_Mkoani
Pengine ni vidonge. Wangapi humu dawa za presha zinawaisha kabla ya tarehe? Muulize kama anakosa dozi.

#50 Kiziwi_wa_Amani
Mstari ni baraza. Viduara ni watu. Walikuwa wanne wakikaa jioni, watatu hawaji tena. Mie najua kukaa barazani na watu wasioongea nawe.

#51 Mkaidi_wa_Konde
Au ni watafiti wanne, na anataka watatu watoke.

#52 Binti_Maalim
Nimeuliza yote. Bao: ng'o. Hesabu: ng'o, na kucheka. Vidonge: ng'o. "Ni wenzio wa barazani, wa kahawa?" Kasema haya. Lakini haya anaiambia kila kitu, hata paka.

#53 Karafuu_Kavu
Muulize kwa kupinga, kama alivyosema Jang'ombe. "Wenzio wanakuja?" halafu "Wenzio wamekuacha?"

#54 Binti_Maalim
Nilikwenda kumuuliza. Kalala, kadi ya redio mfukoni. Karatasi nimeikunja nimeitia kwenye bahasha ya Chake.